Matete ya Kitovuni

Wazee waliosema kuwa mchuma janga hula na wa kwao hawakusema kwamba mchumaji ni lazima awe mtu mbaya. Hapo ndipo wengi wetu hujikwaa. Tukiisikia methali hii, akilini hutujia mlevi, mwizi, au kijana aliyewashinda wazazi na walimu wake. Ni nadra kumfikiria mama mwenye heshima zake, mpole, anayependwa na mtaa mzima. Lakini huruma nayo ina mikono, na mara nyingine mikono hiyo huchuma kisichochumwa.

Mama huyo aliitwa Mama Cherehani, kwa sababu cherehani yake ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi, tepu shingoni, pini mdomoni. Pini zile hazikumzuia kusema. Aliweza kukupima kiuno, kukuuliza habari za wazazi na kukugombeza kwa kuchelewa kuchukua suruali yako, yote kwa pumzi moja.

Mtaa wake ulikuwa kando ya bwawa kubwa la matete. Nyumba za safu ya mwisho zilikaribia maji kiasi kwamba mvua ikizidi, vyura waliingia jikoni bila kubisha hodi. Karibu kila nyumba iliishi kwa matete: huyu alisuka mikeka, yule aliunda viti, mwingine aliezeka vibanda. Bwawa lenyewe lilikuwa hifadhi ya serikali kwa ajili ya korongo, ndege wakubwa wenye miguu mirefu waliokuja kila mwaka kutaga mayai katikati ya matete. Kwa miaka mingi walinzi wa hifadhi na wakazi waliishi kama paka na panya. Walinzi walifukuza, wakazi waliiba, na bwawa likazidi kukonda huku kila upande ukiunyooshea mwingine kidole.

Mama Cherehani ndiye aliyechoka kwanza. Alifunga cherehani yake, akavaa kanga safi, akaenda ofisi ya hifadhi kusema kwamba watu hawawezi kulinda mahali wanapofukuzwa. Alirudishwa. Akaenda tena. Akarudishwa tena, safari hii kwa heshima kidogo. Mwishowe alikuja afisa mpya, binti mdogo mwenye sauti ya chini ambaye mtaa ulimpachika jina la Bi Hifadhi, naye alikuwa wa kwanza kumpa kiti na kumsikiliza hadi mwisho.

Kutoka katika kiti hicho ulizaliwa mkataba. Wakazi wangekata matete ya pembeni mwa bwawa kwa zamu, na wao wenyewe wangefanya doria. Sehemu ya katikati, ambayo wote waliiita kitovuni, isingeguswa tangu korongo waanze kujenga viota hadi makinda wajue kuruka. Atakayekata kitovuni angekosa msimu mmoja wa kuvuna. Kisha palikuwa na sharti moja zito: kila kosa litajwe ofisini. Kosa lililotajwa lingekuwa la mkosaji peke yake. Lililofichwa lingekuwa la wote, na mkataba ungekufa. Baadhi ya watu walinung'unika mkutanoni, lakini Mama Cherehani alisimama akasema, "Kama tutaficha, basi hatustahili kupewa. Liacheni sharti kama lilivyo." Wakapiga makofi, wakamchagua kuwa mwenyekiti.

Mambo yakanyooka. Matete ya pembeni yalirudi, korongo wakaongezeka, na watoto wakazoea kuwaiga kwa kusimama mguu mmoja foleni ya bombani. Mtu wa kwanza kutajwa alikuwa mwezekaji, jirani mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Alikutwa na mundu kitovuni, Mama Cherehani akamtaja ofisini siku ileile bila kupepesa jicho. Mwezekaji alikaa msimu mzima akibeba matofali kwenye ujenzi wa watu, akilalamika kwa kila mwenye masikio. Msimu ulipokwisha, akarudi kwenye matete yake na maisha yakaendelea.

Mama huyo alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyeolewa na fundi wa pazia za matete, zile za kuning'inizwa barazani kuzuia jua. Fundi Pazia alikuwa kijana mwenye mikono ya dhahabu na kiburi cha kutosha watu wawili. Alitoka mbali, kwa safari ya kutwa nzima, na alikaa mtaani pale kwa sababu ya mke na matete. Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kwa Mama Cherehani. Kila asubuhi binti alipita kwa mama yake kunywa chai, na sasa alipita taratibu zaidi, mkono kiunoni, kwa kuwa baada ya kungoja sana hatimaye alikuwa mjamzito. Mama yake alikuwa ameshashona vinguo vya mtoto vya kutosha darasa zima la chekechea.

Siku moja alasiri Mama Cherehani alikuwa katika doria pamoja na mzee aliyeitwa Tarishi. Mzee huyo alikuwa amestaafu utarishi zamani, ila jina halikustaafu naye. Walipokaribia kitovuni, korongo walikuwa wakiatamia, kumetulia. Mara wakasikia mundu. Tarishi akamgusa mwenyekiti mkono. Walipoyapanua matete wakamkuta Fundi Pazia, maji yamemfika mapajani, mzigo wa matete umefungwa tayari, na nyuma yake viota viwili vimeinama majini.

"Shikamoo, Mama," akasema, kana kwamba wamekutana dukani.

"Marahaba," Mama Cherehani akaitika kabla hajafikiri. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama mambo hayakuharibikia hapo hapo, katika kuitikia kule.

"Unafanya nini huku?" akauliza.

"Mama, nisitiri. Nimechukua kazi ya nyumba ya wageni, pazia za baraza zote. Matete ya zamu yangu hayakutosha. Ni mzigo huu tu."

"Unaona ndege wanaatamia mayai?"

"Naona, Mama. Lakini ukinitaja, nitakaa msimu mzima mikono mitupu, na mwanao yuko hivi alivyo. Uso wangu nitauweka wapi, nitembee mtaani nikichekwa na mwezekaji? Heri nimchukue mke wangu twende kwetu tukalime."

Maneno hayo yalimchoma Mama Cherehani penyewe. Alimwona binti yake akipanda gari na tumbo lile, akaona meza ya chai ina kikombe kimoja. Alimjua mkwe wake. Alikuwa mtu wa kukata kauli kwa hasira na kuifuata kwa aibu.

Tarishi akakohoa. "Mwenyekiti, hili ni la msimu mmoja. Mwezekaji alikaa, hakufa."

"Huyu ni mkwe wangu, Tarishi."

"Na mwezekaji ni mkwe wa mtu."

"Niachie mimi. Nitayamaliza nyumbani."

Mzee akamgeukia. "Nimebeba barua za watu maisha yangu yote sijafungua hata moja," akasema. "Mdomo wangu unajua kufungwa. Lakini hii siyo barua, mwenyekiti."

"Toka," Mama Cherehani akamwambia mkwe wake. "Chukua mzigo wako, nenda, na usirudi tena huku."

Kwa hiyo Fundi Pazia akatoka na mzigo. Afadhali angeuacha. Matete ya pembeni ni membamba, yanavunwa yakiwa bado machanga. Ya kitovuni ni marefu, manene kama kidole gumba, na msusi yeyote huyatambua hata akiwa amefumba macho. Mzigo ule ulipita mtaani mchana kweupe begani mwa mkwe wa mwenyekiti. Watu waliuona, wakamsalimia, wakaendelea na kazi zao. Hakuna aliyeuliza chochote.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwenyekiti kwenda ofisini kutoa habari za doria. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, birika la umeme na dirisha lililotazama bwawa. Bi Hifadhi alikuwa na furaha isiyofichika. Alimmiminia chai, akavuta kiti karibu.

"Mama, wakubwa zangu watakuja kuona viota. Wakiridhika, mkataba utakuwa wa kudumu. Na mabwawa mengine nayo watapewa wenyeji wake. Nimewaambia waje waone watu wanaolinda kuliko sisi tunaolipwa. Walinicheka, lakini wamekubali." Akatabasamu. "Haya, niambie. Kuna lolote wiki hii?"

Mama Cherehani alikuwa amelipanga neno njiani. Alikuwa amelirudia zaidi ya mara moja, na kila alipolirudia alimwona binti yake akipanda gari. "Salama, mwanangu," akajibu.

Hakuwa amewahi kumwita mwanangu. Bi Hifadhi alilipenda neno hilo, akamwongezea sukari kwenye chai. Chai ile ilimshinda kuimaliza, akasingizia mteja anayemsubiri nyumbani, akaondoka akijichukia.

Ya nyumbani aliyamaliza kweli. Alimwita mkwe wake, akamkanya kwa sauti ya chini ili binti asisikie, na kijana akainamisha kichwa akaapa kwamba haitatokea tena. Wala haikutokea tena. Fundi Pazia alitimiza kiapo chake. Lakini pazia zake mpya zilipotundikwa nje zikauke, wanawake wasusi walipita wakazitazama.

"Fundi, matete haya yameota wapi, chooni kwako?" mmoja akauliza, wenzake wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha furaha. Wiki hiyohiyo miundu miwili mitatu ilielekea katikati ya bwawa.

Mwenyekiti alimkuta mwezekaji. Safari hii hakukimbia wala hakuficha mundu. Alijiegemeza kwenye mtumbwi wake akamsubiri afike.

"Toka humo! Hujui ndege wanaatamia?" Mama Cherehani akafoka.

"Najua, mwenyekiti. Mkweo anasema mliyamaliza nyumbani; nami nimekuja niyamalize." Akaendelea kufunga mzigo wake, bila haraka. "Mimi nilibeba matofali msimu mzima, watoto wangu wakila mara moja kwa siku. Sikukuchukia. Nilisema sheria ni sheria. Kumbe mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu."

Mama Cherehani akapiga hesabu. Angemtaja mwezekaji, mwezekaji angemtaja mkwe. Angemtaja mkwe, ofisi ingeuliza kwa nini hakusema Ijumaa ile. Hakuwa na pa kushika. Akageuka akaondoka, na nyuma yake akausikia mundu ukianza upya.

Tangu siku hiyo doria ya mwenyekiti ikawa na namna yake. Akikaribia kitovuni, alianza kukohoa kwa nguvu, au kuimba, au kumwita Tarishi kwa sauti hata kama yuko hatua moja nyuma yake. Wakataji wakisikia, walijificha. Mwenyekiti alipita, hakuona mtu, na Ijumaa alisema hakuona mtu. Watu wakakizoea kikohozi hicho kama watoto wa shule wanavyozoea kengele.

"Hata sasa jua halijazama," Tarishi alimwambia siku moja wakirudi. "Nenda ukaseme. Watakugombeza, watatufungia kidogo, kisha watatufungulia."

"Akishajifungua," akajibu. "Acha mtoto azaliwe kwanza."

Siku moja alikwenda. Alifika mpaka kwenye mlango wa ofisi, akamsikia Bi Hifadhi ndani akizungumza kwa simu, akicheka, akisema, "Ndiyo, mkuu, wenyewe kwa wenyewe, bila mlinzi hata mmoja." Mama Cherehani akarudi nyumbani akashona hadi mgongo ukamuuma. Huruma yake kwa binti yake ilikuwa imemzalia huruma nyingine, na sasa alishindwa kumvunja moyo hata yule aliyekuwa akimdanganya.

Mtoto hakungojwa. Wakubwa walifika asubuhi, wamevaa viatu vipya vya mpira. Bi Hifadhi alipanda mtumbwi wa mbele pamoja na mwenyekiti. Njiani alikuwa akiwaonyesha wageni wake matete ya pembeni, jinsi yalivyokatwa kwa mistari na kuachiwa mizizi. Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mama Cherehani alikaa mikono mapajani, akitamani mtumbwi upinduke.

Walipofika kitovuni hapakuwa na la kuonyesha. Matete yalikuwa yamebaki vishina, hovyo hovyo, kama kidevu kilichonyolewa gizani. Viota vilikuwa vimesambaratika. Mayai machache yalielea karibu na ukingo, yamepoa na kuanza kunuka. Korongo hakuwepo hata mmoja. Mmoja wa wakubwa akatoa kitambaa akajifuta uso ingawa hakukuwa na joto.

Bi Hifadhi hakuwatazama wakubwa zake. Alimgeukia Mama Cherehani.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mzigo wa kwanza."

"Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningekuwa na la kuwaambia. Ningewaambia, ona, hata wa kwao wanawataja." Bi Hifadhi akageuza uso upande wa maji ili asionekane akilia. Mama Cherehani alinyoosha mkono kumgusa bega, kisha akaurudisha.

Hakuna aliyefoka. Wakubwa walitamka uamuzi wao palepale ufukweni kwa maneno ya adabu. Mkataba umekwisha. Walinzi watarudi. Bwawa litafungwa lote, katikati na pembeni. Yale mabwawa mengine, ambayo wenyeji wake walikuwa wakisubiri nafasi yao na wala hawakuujua mtaa huu, nayo yakabaki mikononi mwa walinzi. Baada ya muda mfupi Bi Hifadhi akahamishwa. Aliondoka bila kuaga mtaani, na nani angemlaumu?

Sasa watu wakaanza kula kilichochumwa. Wasusi waliketi vibarazani mikono mitupu, wakichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Waliokuwa wameingia kitovuni na ambao hawakuwahi kuingia, wote waliteseka sawasawa. Bibi mmoja msusi, aliyekuwa akiwafukuza wajukuu zake wasirushe hata jiwe upande wa ndege, aliuza sindano zake za kusukia na kuanza kufua nguo za watu. Tarishi alipeleka habari hiyo kwa mwenyekiti kwa sauti ileile aliyotumia kusema habari zote, kisha akaondoka bila kusubiri chai.

Hakuna aliyemtukana Mama Cherehani. Walimwamkia kama zamani, wakampisha njiani kama zamani. Ila walifupisha maneno. Mtu aliyeleta suruali kurefushwa aliitoa mlangoni, hakuingia, hakuketi. Mama Cherehani angefurahi hata kama mwezekaji angekuja kumfokea, lakini mwezekaji naye alikuwa amerudi kwenye matofali, na jioni alipita amechoka mno hata kusema.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, mwenye mapafu ya mama mchuuzi wa sokoni. Kwa siku chache nyumba ya tatu ilikuwa na vicheko. Kisha Fundi Pazia akaja kwa mama mkwe wake, akavua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hapa sina kazi tena. Nimezunguka kote. Pazia sitasuka kwa hewa." Alikuwa akitazama mikono yake, na kiburi chote kilikuwa kimemtoka. "Tumeamua kwenda kwetu. Kuna shamba la marehemu baba. Nisamehe. Mimi ndiye niliyeanza."

Mama Cherehani alimwambia amemsamehe, na alikuwa akisema kweli. Akainuka akaenda nyumba ya tatu. Binti yake alikuwa akikunja nguo za mtoto, zile nyingi alizozishona yeye, akizipanga ndani ya sanduku. Mtoto alikuwa amelala kitandani katikati ya nepi. Mama akachukua kigauni kimoja akaanza kusaidia, na wakakunja pamoja.

"Mama, ungemtaja tu," binti akasema hatimaye. Hakusema kwa ukali.

"Niliogopa. Alisema nikimtaja atakuchukua mwende mbali."

Binti akaacha kukunja. "Na sasa tunakwenda wapi?"

Machozi yalimtoka Mama Cherehani, naye hakuyafuta.

"Msimu mmoja, Mama," binti akaendelea, akimpapasa mtoto mgongoni. "Angenuna, angevunja sahani, angetishia kwenda kwao. Ningemtuliza. Mimi ningemlisha msimu mmoja, na sote tungekuwa hapa. Kwa nini hukuniuliza?"

Waliondoka asubuhi. Sanduku lilipakiwa juu ya gari, binti akakaa dirishani na mtoto mapajani, na majirani wachache wakatoka kuaga. Mmoja wao, kwa nia ya kumfariji mwenyekiti, akamwambia kwa sauti ya chini, "Usihuzunike mno. Aliyetuletea haya ni mkweo, na sasa anaondoka nayo." Mama Cherehani akatikisa kichwa kukataa. Alijua kwamba mkwe wake alikata matete, na kosa lake lilikuwa na kipimo, na kipimo chenyewe kilikuwa msimu mmoja. Yeye ndiye aliyelitoa kosa lile dogo bwawani, akalifunika, akalilea mpaka likawashinda wote. Gari likakata kona na mkono mdogo wa mjukuu wake, ulioinuliwa na mama yake umpungie bibi, ukapotea.

Alibaki barabarani, katikati ya majirani wasio na kazi, mbele ya bwawa lililofungwa. Hakuwahi kumtakia mabaya hata mmoja wao. Ndivyo ilivyo, wala hakuna wa kujitetea mbele ya methali hii: mchuma janga hula na wa kwao.